Chuo Kikipanuka, Miti Yake Hulindwaje?

Karibu kila chuo kikuu kinapotangaza ujenzi wa bweni jipya, maktaba au jengo la maabara, mjadala unaofuata huwa na sura moja. Upande mmoja husikitika kwamba miti ya miaka mingi itakatwa. Upande wa pili hujibu kwamba kwa kila mti utakaokatwa itapandwa miche kumi, na kwa hiyo mazingira yatanufaika na ujenzi badala ya kudhurika. Wanaosikiliza hubaki njia panda, kwa sababu pande zote mbili zinazungumzia miti, zinazungumzia mazingira, na zinaonekana kutaka jambo lilelile. Ninaamini mkanganyiko huu unatokana na maneno machache yanayotumika bila kufafanuliwa, na pia na sehemu ya mti isiyoonekana kwa macho, yaani ile iliyomo ardhini. Chuo kisipoielewa sehemu hiyo kinaweza kuuacha mti umesimama katika kipindi chote cha ujenzi na bado kikawa kimeuua.

Tuanze na maneno yenyewe. Mche ni mti mchanga uliotoka kitaluni, ambao bado unahitaji kumwagiliwa, kupaliliwa na kukingwa dhidi ya mifugo na miguu ya wapita njia. Mti uliokomaa ni ule ambao umekwisha kujenga shina, matawi na mtandao wa mizizi kiasi cha kujitegemea katika misimu ya kawaida. Mwavuli wa mti ni eneo lote linalofunikwa na matawi na majani yake unapoutazama kutoka juu, na ukubwa wa mwavuli huo ndio kipimo ambacho wataalamu wa miti ya mijini hukitegemea kuliko idadi ya mashina. Sababu yake ni rahisi. Kampasi mbili zinaweza kuwa na miti elfu moja kila moja, lakini ya kwanza ikawa na vivuli vinavyogusana kutoka jengo hadi jengo, na ya pili ikawa na vijiti vilivyopangwa mstarini kando ya barabara. Mwaka 2021 mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alipendekeza kanuni inayojulikana kwa tarakimu tatu, 3-30-300: kila mtu aweze kuona angalau miti mitatu kutoka makazi yake, mtaa wake uwe umefunikwa na miavuli ya miti kwa asilimia 30, na asiishi zaidi ya mita 300 kutoka eneo la kijani lililo wazi kwa umma. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya miji, lakini chuo chenye maelfu ya wanafunzi ni mji kwa namna yake, na kinaweza kujipima nayo.

Kuna maneno mengine mawili ya kiofisi ambayo hayana budi kueleweka. Mpango kabambe ni michoro na maelezo yanayoonyesha jinsi chuo kitakavyoitumia ardhi yake kwa miaka mingi ijayo: wapi patajengwa, wapi patapita barabara na mabomba, na wapi pataachwa wazi. Tathmini ya athari kwa mazingira ni uchunguzi unaofanywa kabla mradi haujaidhinishwa, ili kujua utaathiri nini na madhara hayo yataepukwa vipi. Utaratibu huo uliingizwa katika sheria kwa mara ya kwanza kupitia Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira ya Marekani, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, na mwaka 1992 Azimio la Rio liliutaja katika kanuni yake ya 17 kuwa nyenzo ambayo mataifa yote yanapaswa kuitumia kwa miradi yenye uwezekano wa kuleta madhara makubwa. Neno la kushikilia hapa ni "kabla". Tathmini inayoandikwa baada ya mkandarasi kuleta mitambo yake imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Mti unafanya kazi gani chuoni

Tukiambiwa tuitetee miti, wengi wetu hukimbilia oksijeni. Husemwa kwamba mti mmoja huwapa watu kadhaa hewa ya kuvuta, na kwamba kuukata ni kuwanyima pumzi. Hoja hii ina nia njema lakini ni dhaifu. Oksijeni ni takribani asilimia 21 ya hewa yote inayoizunguka dunia, na hakuna chuo ambacho wanafunzi wake watakosa pumzi kwa sababu miti hamsini imeangushwa. Anayeitegemea hoja hii hushindwa mara tu anapokutana na mtu anayejua sayansi kidogo, na pamoja naye hushindwa hoja nyingine zilizokuwa na nguvu kweli.

Hoja zenye nguvu ni za karibu zaidi na maisha ya kila siku. Mti hupooza hewa kwa njia mbili kwa pamoja: huzuia jua lisiipige lami na kuta, na hutoa maji kupitia majani yake kama mwili unavyotoa jasho. Kila lita moja ya maji inayogeuka mvuke hubeba joto linalokaribia theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa makumi ya lita kwa siku, na ukizidisha hapo utaona kwamba unafanya kazi ya kupoza ambayo vinginevyo ingelipiwa. Tofauti hiyo huhisiwa na yeyote anayetoka chini ya kivuli na kuingia katika uwanja wa maegesho saa saba mchana.

Kazi ya pili inahusu maji ya mvua. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua uwanja wa maegesho wa mita za mraba 2,000 ambao zamani ulikuwa kichaka chenye miti: mvua moja ya milimita 50 itauletea lita 100,000, sawa na malori kumi yanayobeba lita 10,000 kila moja. Kichaka kingeyashika baadhi ya maji hayo kwenye majani, kingeyapunguzia kasi, na kingeyapitisha mengi kwenye udongo uliolegezwa na mizizi. Lami huyatupa karibu yote mtaroni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana chuo ambacho hakikuwa na historia ya mafuriko huanza kuona maji yakiingia katika vyumba vya chini miaka michache baada ya kujenga, huku wahusika wakidhani kwamba mvua zimebadilika peke yake. Mara nyingine mvua zimebadilika kweli, lakini ardhi nayo imebadilika.

Tukiongeza makazi ya ndege, nyuki na popo, na ukweli kwamba karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni iliyotolewa hewani, picha inakuwa kamili vya kutosha. Tani moja ya kuni kavu inawakilisha takribani tani 1.8 za hewa ukaa, ambayo itarudi hewani mti ukichomwa au ukiachwa uoze.

Sehemu ya mti isiyoonekana

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wengi tumekua na picha ya mti ambao mizizi yake inashuka chini kwa kina kinacholingana na kimo chake, kana kwamba kuna mti mwingine uliopinduliwa ardhini. Picha hiyo inapotosha. Kwa miti mingi, sehemu kubwa ya mizizi imo katika sentimita 60 za juu za udongo, na ile mizizi laini inayonyonya maji na virutubisho imejaa zaidi katika sentimita 30 za mwanzo. Badala ya kwenda chini, mizizi hutambaa pembeni, na mara nyingi huvuka mpaka wa mwavuli na kwenda mbali zaidi. Mfano ulio karibu na ukweli ni mwavuli uliosimikwa katikati ya mkeka mpana: mwavuli ni matawi, mpini ni shina, na mkeka ni mizizi. Anayekata kipande cha mkeka huo hajaugusa mpini, lakini ameuondolea mti sehemu ya chakula chake na sehemu ya nguvu ya kuhimili upepo.

Mizizi hukaa juu kwa sababu inahitaji kupumua. Udongo mzuri una nafasi wazi zinazokaribia nusu ya ujazo wake, na nafasi hizo hugawanywa kati ya hewa na maji. Ndani yake mizizi hupata oksijeni, na wadudu, minyoo na kuvu hufanya kazi ya kuugeuza uozo kuwa rutuba. Udongo wa aina hiyo unafanana na sifongo. Sasa fikiria lori la kokoto likipita juu yake. Nafasi hizo hubanwa, hewa hutoka, maji hushindwa kupenya, na sifongo huwa tofali. Jambo linalosikitisha ni kwamba madhara makubwa hutokea katika safari chache za mwanzo za gari zito, kwa hiyo kuweka uzio wiki ya pili ya ujenzi ni kufunga mlango baada ya mali kuondoka. Kuushindilia udongo huchukua dakika. Kuulegeza tena huchukua miaka, na pengine hauwezi kurudi ulivyokuwa.

Kushindiliwa ni njia moja tu ya kuuua mti kutoka chini. Nyingine ni kurundika udongo uliochimbwa kwenye msingi karibu na shina, kwa sababu tabaka nene juu ya mizizi huizuia hewa kana kwamba umemfunika mtu blanketi usoni. Nyingine ni kuchimba mtaro wa nyaya au mabomba kwa mstari ulionyooka karibu na mti, mtaro ambao unaweza kukata mizizi yote ya upande mmoja kwa asubuhi moja. Nyingine ni kumwaga maji ya kuoshea vyombo vya zege chini ya kivuli, ambako mafundi hupenda kufanyia kazi kwa sababu pana ubaridi. Maji hayo yana chokaa nyingi inayobadilisha udongo kiasi kwamba mti hushindwa kuchukua baadhi ya madini. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji shoka wala msumeno.

Kinachowachanganya watu ni muda. Mti una akiba ya chakula katika shina na mizizi, na kwa akiba hiyo unaweza kuendelea kuonekana mzima kwa miaka mitatu, mitano au hata zaidi baada ya mizizi yake kuharibiwa. Siku ya uzinduzi wa jengo, wageni hupiga picha chini ya mti ambao kwa hakika umekwisha kuhukumiwa. Baadaye majani huanza kupungua kileleni, matawi ya juu hukauka, wadudu hushambulia, na lawama huelekezwa kwa ukame au kwa wadudu hao. Wakati huo mkandarasi amekwisha kulipwa na kuondoka. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa inayofanya makosa yaleyale yarudiwe: anayesababisha hayaoni matokeo, na anayeyaona matokeo hajui chanzo.

Wataalamu wamejaribu kuligeuza jambo hili kuwa hesabu inayoweza kuingia katika michoro. Kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 5837, toleo la mwaka 2012, kinaelekeza kwamba kila mti unaokusudiwa kubaki uwekewe eneo la ulinzi wa mizizi ambalo nusu kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina, likipimwa kwenye kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini. Mti wenye shina la kipenyo cha sentimita 60 unahitaji basi duara lenye nusu kipenyo cha mita 7.2, ambalo ni mita za mraba zipatazo 163. Kwa miti mikubwa sana kiwango hicho huweka kikomo cha mita 15. Nchi nyingine zina vipimo vyao, na udongo na aina za miti hutofautiana, lakini wazo ni moja: kinacholindwa ni duara la ardhi, na shina ni alama tu ya katikati yake. Kulifunga shina kwa mbao au kulipaka chokaa nyeupe huku magari yakipita mita moja kutoka hapo ni kulinda alama na kuuacha mti.

Hesabu ya miche kumi kwa mti mmoja

Sasa tunaweza kuirudia ahadi ile ya miche. Mche wenye shina la kipenyo cha sentimita 2 na mti wenye shina la sentimita 60 vimepishana mara 30 kwa kipenyo, lakini ukilinganisha eneo la kata ya shina, tofauti ni mara 900. Kwa kipimo hicho kimoja, miche kumi ni sawa na sehemu moja tu ya tisini ya mti ulioondoka. Zaidi ya hapo, ile dhana kwamba miti mikubwa "imezeeka na haifanyi kazi" ilipata pigo mwaka 2014, pale utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature, uliohusisha spishi 403 za miti kutoka maeneo ya joto na ya baridi, ulipoonyesha kwamba kwa spishi nyingi kiasi cha uzito ambacho mti mmoja huongeza kwa mwaka huendelea kupanda kadiri mti unavyozidi kuwa mkubwa.

Hii haina maana kwamba kupanda miche ni kazi bure. Chuo chenye miti mizee pekee hakina miti ya kesho, na mche uliotunzwa vizuri leo ndio utakaowapa kivuli wanafunzi ambao bado hawajazaliwa. Ninachopinga ni kuuweka mche kwenye mizani kana kwamba ni mti mkubwa uliogawanywa vipande. Tena, idadi inayotangazwa huwa ni ya miche iliyowekwa ardhini siku ya sherehe. Idadi yenye maana ni ile itakayokuwa hai baada ya miaka mitatu, na ni mara chache mtu hurudi kuihesabu. Kama chuo kinataka kuaminiwa katika jambo hili, kitangaze hesabu hiyo ya pili pamoja na jina la ofisi inayowajibika kumwagilia.

Wataalamu wa mazingira wana mpangilio wa hatua nne unaosaidia kuona tatizo liko wapi: kwanza epuka madhara, pili punguza yale yasiyoepukika, tatu rejesha palipoharibika, na nne fidia kile kilichobaki. Fidia ni hatua ya mwisho kwa makusudi. Chuo kinapoanza mazungumzo na idadi ya miche, kimeruka hatua tatu na kuingia ya nne, na swali la haki la kuuliza ni kwamba hizo tatu zilijibiwa vipi. Je, jengo lilijaribiwa mahali pengine kwenye mchoro? Je, lingeweza kwenda juu badala ya kwenda pembeni? Jengo la ghorofa nne linahitaji takribani robo ya ardhi inayohitajiwa na jengo la chini lenye nafasi ileile. Je, maegesho yangeweza kupunguzwa? Nyaya na mabomba yangeweza kupitishwa chini ya mizizi kwa kutoboa badala ya kuchimba mtaro? Ukuta ungeweza kusimama juu ya nguzo chache badala ya msingi mrefu unaoendelea? Haya yote ni mambo ambayo wahandisi wanayajua na wanayaweza, mradi waambiwe mapema.

Kuna pia wazo la kuuhamisha mti mkubwa badala ya kuukata. Linawezekana, na limefanywa mahali pengi, lakini halina wepesi unaodhaniwa. Bonge la udongo linalong'olewa pamoja na mti hubeba sehemu ndogo tu ya mizizi minyonyaji, na iliyobaki huachwa ardhini. Mti huo utahitaji kuandaliwa miezi kadhaa kabla, kumwagiliwa kwa miaka baadaye, na bado unaweza kufa polepole. Ni njia ya kuokoa mti mmoja wa pekee. Haifai kuwa jibu la jumla kwa shamba zima.

Yanayosemwa sana kuhusu utunzaji

Wengine huamini kwamba jeraha la mti linapaswa kupakwa rangi au lami ili lipone. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, ambaye mwaka 1977 alieleza jinsi mti unavyojenga kuta za ndani kuuzuia uozo usisambae, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu inavyofanya. Huufungia uharibifu ndani na kuota tabaka jipya juu yake. Rangi haisaidii kazi hiyo, na wakati mwingine hufungia unyevu unaoozesha. Kwa sababu hiyohiyo, kukata vilele vya miti ili "isilete hatari" huleta hatari zaidi. Majeraha makubwa huoza, na machipukizi mengi yanayoota haraka hushikamana kwa udhaifu na shina, hivyo huvunjika kwa upepo baada ya miaka michache.

Kuhusu miti ya kigeni, ninaona pande zote mbili hutia chumvi. Mti kuwa umetoka mbali hakuufanyi kuwa adui, na mti kuwa wa asili hakuufanyi ufae kila mahali. Kinachopaswa kuangaliwa ni kama unajisambaza wenyewe na kuzima mimea mingine, unatumia maji kiasi gani, na unawalisha viumbe gani. Mikaratusi, ambayo asili yake kubwa ni Australia, hukua haraka na ina matumizi yake, lakini kuijaza kando ya chemchemi ni uamuzi mbaya. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kupanda aina moja tu kwa kuwa miche yake ilipatikana kwa wingi. Mwaka 1990 mtafiti wa miti wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) na asilimia 30 ya familia moja (kundi la jenasi zenye undugu), ili ugonjwa mmoja usije ukaacha mitaa mitupu. Chuo kinachopanda barabara nzima kwa aina moja kwa sababu ya mandhari kinaweka mayai yote katika kapu moja.

Na ni lazima nikiri kwamba si kila mti unapaswa kubaki. Mti uliooza shina ulio juu ya njia inayopitwa na wanafunzi mia kila saa ni hatari, na kuuondoa ni wajibu. Lakini hatari ina sehemu mbili: uwezekano wa mti kuanguka, na kuwepo kwa mtu au kitu chini yake. Mara nyingine ni rahisi kuhamisha benchi au kupindisha njia kuliko kuuangusha mti wa miaka sabini. Uamuzi huo ufanywe na mtu aliyesomea miti, na maelezo yake yaandikwe na kuwekwa wazi, kwa sababu neno "hatari" lisilo na maelezo limewahi kutumika mno kurahisisha ujenzi.

Nani anaamua, na lini

Migogoro miwili inaonyesha kinachotokea jamii ya chuo inapoingia katika mazungumzo ikiwa imechelewa. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, watu walipanda juu ya miti ya kishamba cha mialoni mwezi Desemba 2006 kupinga ujenzi wa kituo cha mafunzo ya michezo kando ya uwanja wa chuo. Walikaa huko kwa zamu hadi Septemba 2008, kesi ikaendeshwa mahakamani, na mwishowe miti ilikatwa na kituo kikajengwa. Nchini India, mwaka 2025, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hyderabad walipinga kufyekwa kwa eneo la Kancha Gachibowli lenye takribani ekari 400 karibu na chuo chao, ambalo serikali ya jimbo la Telangana ilitaka kuliendeleza. Mahakama Kuu ya nchi hiyo, iliyo juu ya zote, iliamuru kazi isimamishwe mwanzoni mwa Aprili, lakini matingatinga yalikuwa yamekwisha kupita katika sehemu ya eneo hilo. Katika mgogoro wa kwanza miti ilipotea baada ya karibu miaka miwili ya mapambano. Katika wa pili amri ilipatikana, ila ilipofika sehemu ya ardhi ilikuwa imekwisha kuwa wazi.

Njia iliyo tulivu zaidi ni kuwa na utaratibu kabla ya mgogoro. Taasisi ya Arbor Day Foundation ya Marekani ilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuvitambua vyuo vinavyotunza miti, na masharti yake yanafaa kuigwa hata na chuo kisichotafuta cheti: kuwe na kamati ya miti yenye wanafunzi ndani yake, mpango wa utunzaji ulioandikwa, na bajeti ya kila mwaka inayoonekana. Ningeongeza mambo mawili. La kwanza ni daftari la miti, ambamo kila mti mkubwa una namba, aina, ukubwa wa shina, hali yake na mahali ulipo kwenye ramani. Wanafunzi wa botania, jiografia na upimaji wanaweza kulitengeneza kama sehemu ya masomo yao. La pili ni mkataba wa ujenzi unaoutaja mti kama unavyoutaja ukuta, yaani wenye thamani, wenye uzio unaosimikwa kabla mashine ya kwanza haijaingia, na wenye kiasi cha malipo kinachozuiliwa hadi mti uthibitishwe kuwa hai baada ya muda uliokubaliwa. Mkandarasi huheshimu kile kilichoandikwa kwenye orodha ya kazi na gharama. Kisichoandikwa humo, hata kama mkuu wa chuo alikisifu kwenye hotuba, kwake ni kizuizi cha njia.

Kwa mwanafunzi au mfanyakazi anayetaka kuanza bila kusubiri kamati, kifaa kinachohitajika ni utepe wa fundi cherehani. Zungusha utepe kwenye shina kwa kimo cha kifua, kisha uzidishe mzingo huo kwa nne. Jibu litazidi kidogo lile la mara 12 ya kipenyo, na ziada hiyo ni kwa faida ya mti. Mti wenye mzingo wa sentimita 188 utakupa mita 7.5 kutoka kwenye shina kwenda kila upande. Duara hilo likichorwa kwenye ramani ya mradi kabla zabuni haijatangazwa, msanifu bado ana nafasi ya kuusogeza ukuta mita tatu, na mhandisi bado anaweza kuupitisha mtaro upande wa pili wa jengo.